Mvua za Kwanza, Samaki wa Kwanza: Meza za Ufukweni Bujumbura

Mwishoni mwa Septemba vumbi la Carama huwa limeingia kila mahali: juu ya mabati, juu ya majani ya migomba, ndani ya nyumba mpya ambazo bado hazijapakwa rangi. Mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura, upande wa Kinama, huwa haujaona mvua ya maana tangu Mei. Kisha mchana mmoja mawingu hushuka kutoka milima ya Mirwa, mvua hupiga nusu saa, harufu ya udongo mbichi hupanda, na mazungumzo ya mtaani hubadilika. Watu huacha kulalamikia joto, wakaanza kuulizana habari za samaki wa ziwani. Mukeke wanapatikana? Ndagala wako bei gani? Na Jumapili tunakwenda ufukweni au hatuendi?

Burundi haina bahari, wala haina ule msimu ambao Wazungu huusubiri baada ya baridi kali, miti inapochipua na mikahawa ya pwani kufungua tena milango yake. Lakini ina Ziwa Tanganyika, na ina mgeuko wake wa mwaka. Ule mwezi mmoja na nusu kati ya mvua ya kwanza na mvua iliyokolea, yaani kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba, ndio kipindi ambacho chakula cha Bujumbura hubadilika sura kuliko kipindi kingine chochote. Anayekijua hula vizuri. Asiyekijua hulipa bei kubwa, akaletewa samaki aliyelala kwenye barafu siku nyingi.

Ziwa lenyewe lahitaji kutazamwa kwa heshima kabla ya kuketi mezani. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 kutoka Bujumbura kaskazini hadi Mpulungu nchini Zambia, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal la Urusi pekee lililo na kina kirefu zaidi. Nchi nne zinaligawana: Kongo na Tanzania zina sehemu kubwa, Burundi ina asilimia nane hivi, Zambia sita. Lakini ukubwa huo wote wa maji una samaki kwenye tabaka la juu tu. Chini ya mita mia moja au mia mbili hivi hakuna hewa ya kutosha, na samaki hawawezi kuishi. Mbolea nyingi ya ziwa, yaani mabaki ya viumbe yaliyozama, imelala huko chini gizani. Ili samaki wale na kuzaana, lazima kitu fulani kiipandishe juu.

Kitu hicho ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa karibu bila kupumzika. Husukuma maji ya juu, yale ya vuguvugu, kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye mbolea hupanda kujaza nafasi. Upepo unapokatika kuelekea mwanzo wa mvua, tabaka za maji hurudi na kuyumba huku na huku, kama maji ya beseni lililobebwa na kuwekwa chini ghafla, isipokuwa beseni hili linachukua wiki kadhaa kwenda na kurudi. Kila mahali maji baridi yanapokaribia juu, vijimea na vijidudu vidogo vya majini huongezeka. Ndagala huvifuata. Mukeke huwafuata ndagala. Na katamarani za wavuvi huwafuata wote.

Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini sahani ya mwezi wa Julai haifanani na ya Oktoba, jibu halimo jikoni.

Samaki wanaotawala meza za Bujumbura si wengi. Wa kwanza kwa heshima ni mukeke, yule ambaye Kigoma humwita mgebuka: samaki mwembamba, mrefu, mwenye fedha mbavuni na mdomo uliochongoka, anayefikia sentimita 45 akiachwa akue. Wa pili ni ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa na Wazambia kapenta. Hao ni samaki wa aina mbili, na aina ndogo zaidi haivuki sana urefu wa kidole wala haiishi muda mrefu zaidi ya mwaka mmoja hivi. Kisha kuna sangala, jamaa wakubwa wa mukeke, na kuhe, samaki mnene anayeweza kukaribia urefu wa mita moja, ambaye dume na jike hulinda mayai na vifaranga vyao pamoja. Wote hawa ni wa Tanganyika. Ndagala wa aina moja walichukuliwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa Ziwa Kivu, na ndio wanaoliwa leo Bukavu, Goma na Gisenyi kwa jina la sambaza. Mwaka 1967 na 1968 walipelekwa pia ziwa la Kariba. Mlo wa mamilioni ya watu wa Maziwa Makuu na wa Zambezi ulianzia kwenye maji haya.

Uvuvi wa ndagala na mukeke ni kazi ya usiku. Mitumbwi miwili huunganishwa kwa maboriti iwe katamarani moja, wavu mpana ukashushwa katikati yake hadi chini sana, na taa zikawashwa ubavuni. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa zilizokuwa zikivuma usiku kucha, na leo nyingi ni taa za betri na za jua. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta ndagala, na ndagala wakisha kuwa wengi, mukeke huja kuwala. Wavuvi husubiri kimya kwa saa nzima au zaidi. Kisha taa hupunguzwa na kusogezwa pamoja ili samaki wakusanyike juu ya wavu, na wanaume huanza kuvuta kamba kwa mpigo mmoja. Kutoka barabara ya ufukweni Bujumbura, taa hizo huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji upande wa Uvira.

Mwezi mpevu huharibu kazi hii yote. Anga likiwa na mwanga wake, taa ya mvuvi haina nguvu ya kumvuta yeyote, na kwa wiki nzima au zaidi mitumbwi hulala mchangani, nyavu zikishonwa. Wenyeji wa Buyenzi na Kinama hulijua hilo tangu utotoni: bei ya samaki hupanda mwezi ukijaa na kushuka usiku ukiwa na giza. Mgeni anayefika Bujumbura siku ya mwezi mpevu akaagiza mukeke, akakuta ni mdogo na ghali, hajadanganywa na mwenye mkahawa. Amekosea tarehe.

Alfajiri samaki huteremshwa kwenye fukwe za Kajaga, za kusini kuelekea Kabezi, na kwingineko hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Wanaosubiri pale wengi ni wanawake. Ndio wanaonunua kwa jumla, ndio wanaopanga bei, na ndio wanaozunguka na beseni kichwani hadi mitaa ya ndani. Carama iko mbali na maji kiasi kwamba wengi wa wakazi wake hawaendi ziwani kila wiki. Ziwa ndilo linalowaendea, kwa basi, kwa baiskeli na kwa miguu, kupitia masoko ya upande wa kaskazini. Uhaba wa petroli ulioisumbua Burundi miaka ya karibuni umeifanya safari hiyo fupi kuwa ghali, na kila faranga inayoongezeka kwenye usafiri huishia kwenye bei ya samaki.

Mnunuzi mzoefu hapokei samaki kwa kutazama tu. Hubonyeza tumbo kwa kidole gumba aone kama nyama inarudi. Huinua kifuniko cha shavu aone wekundu wa ndani. Hutazama jicho kama bado limetuna. "Mama, hawa ni wa usiku huu?" huuliza, na muuzaji anayejali wateja wake husema kweli, kwa sababu kesho watakutana tena palepale.

Sasa jikoni. Mukeke wa Bujumbura huliwa hasa kwa kuchomwa, na mapishi yake hayana siri nyingi, ila yanadai subira. Mpishi humpasua mgongoni, si tumboni, akamfungua kama kitabu, akatoa uchafu na kumwosha haraka. Humpaka chumvi, ndimu, vitunguu saumu vilivyotwangwa na mafuta kidogo, akamwacha apokee ladha. Makaa lazima yawe yamekwisha kushika mvi, bila moto unaoruka. Samaki huanza kuchomwa upande wa nyama, kisha hugeuzwa upande wa ngozi, na hapo hukaa hadi mafuta yake yaanze kudondoka na kutoa mvuke. Mukeke ana mafuta mengi kuliko anavyoonekana, na mafuta hayo ndiyo yanayomfanya asikauke. Huletwa juu ya sinia na kachumbari ya vitunguu na nyanya, ndimu iliyokatwa, na pilipili ya Burundi, ambayo mgeni anashauriwa kuianza kwa ncha ya uma. Pembeni huwekwa ndizi za kukaanga au viazi, au bugali wa muhogo kwa anayetaka kula kama nyumbani.

Hayo yote huchukua saa nzima, wakati mwingine zaidi. Samaki wa namna hii hapashwi moto, huanzwa mteja akifika. Watu wa Bujumbura wamelikubali hilo zamani. Familia hufika ufukweni saa tisa, huagiza, watoto hukimbilia mchangani, wakubwa hukaa chini ya paa la nyasi na Fanta au bia ya Primus, na hakuna anayemkimbiza mpishi.

Ndagala ni habari nyingine. Wabichi, wa usiku uleule, hukaangwa mafutani hadi wawe wakavu na kuliwa wazima, kichwa na mifupa, pamoja na chumvi na ndimu. Au huwekwa kwenye mawese na nyanya na vitunguu hadi mchuzi uwe mzito na mwekundu. Mawese hayo hutoka Rumonge, kilomita sabini na kitu kusini kwa barabara ya ziwa, ambako michikichi imefunika tambarare. Mwandishi wa makala hii anaamini hakuna mlo wa Burundi unaowazidi ndagala wabichi wa mawese kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, na yuko tayari kubishana na wapenzi wa mukeke kwa jambo hilo.

Mwanzo wa mvua ndio wakati hasa wa kuwala wabichi, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: hawakauki. Miezi ya kiangazi ndagala huanikwa juani na siku moja yatosha. Mvua zikianza, shehena nzima inaweza kuharibika kwa mchana mmoja wa mawingu. Zamani walianikwa moja kwa moja mchangani, wakachanganyika na kokoto na uchafu, na mvua ikinyesha ilikuwa hasara tupu. Shirika la FAO lilisaidia kueneza Burundi vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka ardhini, ambavyo hewa hupita chini na juu, na ambavyo ni rahisi kuvifunika wingu likitokea. Vichanja hivyo vimeokoa samaki wengi na jasho la wanawake wengi. Hata hivyo, Oktoba muuzaji bado hupendelea kuuza wabichi asubuhi kuliko kubahatisha jua, na mlaji ndiye anayefaidika.

Kinachokosekana mezani wakati huo kinafaa kutajwa pia, maana msimu si neema tupu. Oktoba na Novemba ni miezi ya kupanda, si ya kuvuna. Msimu wa kilimo unaoitwa agatasi huanza na mvua hizi, na maharage yaliyobaki ghalani huwa mbegu kabla ya kuwa chakula. Milimani ni kipindi kigumu hadi mavuno ya Januari, na bei ya maharage mjini huonyesha hivyo. Mboga za majani ndizo zinazowahi: lengalenga huchipua siku chache tu baada ya mvua, likiwa laini kuliko wakati wowote wa mwaka, na sombe hupata majani mapya. Maembe ya tambarare ya Imbo bado ni mabichi, ya kuliwa na chumvi na pilipili. Yataiva kuelekea Desemba. Mpishi mwenye akili wa ufukweni hujua kupanga sahani kwa hivi vilivyopo: samaki wa usiku, lengalenga la wiki hii, mchele wa Imbo.

Mapishi haya yana wenyewe. Buyenzi, mtaa mkongwe wa Waswahili wa Bujumbura, umejaa familia ambazo wazee wao walitoka Ujiji, Uvira na Maniema, na kutoka huko zilikuja chapati, pilau, maandazi na ujuzi wa kumtia samaki viungo bila kumfunika ladha. Mikahawa ya ufukweni ilikua upande mwingine, kutokana na vilabu vya mashua vya enzi za Wabelgiji na hoteli zilizofuata. Leo sahani ya mukeke pale ufukwe wa Saga au kwenye mikahawa ya barabara ya Uvira ni ndoa ya pande hizo mbili: jiko la makaa la Buyenzi, kitambaa cha meza cha vilabu vya zamani.

Meza zenyewe zimesogea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 ziwa limekuwa likipanda, na mwaka 2024 maji yalikaribia kiwango ambacho wazee walikikumbuka tangu miaka ya 1960. Mji wa Gatumba ulizama na maelfu ya watu walihama nyumba zao. Mikahawa na hoteli za ufukweni zilipoteza mchanga, vibanda na kuta, na baadhi ya baa zikawa zinafikiwa kwa kukanyaga mifuko ya mchanga. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ziachwe bila majengo. Waliojenga ndani ya eneo hilo wameona kwa macho yao kwa nini kanuni hiyo iliandikwa. Anayekula ufukweni leo anafaa pia kuwakumbuka viboko, ambao jioni hutoka majini kula nyasi changa za mvua, hata ndani ya jiji. Mlinzi akisema sogeeni, watu husogea.

Hata hivyo, tishio kubwa zaidi kwa sahani ya mukeke halionekani kutoka mezani. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake ulioonyesha kwamba Tanganyika linazidi kuwa na joto, na kwamba maji yake ya juu yakipata joto hayachanganyiki tena vizuri na yale ya chini yenye mbolea. Walikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo lingepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Ongeza juu yake udongo ambao mito kama Ntahangwa hubeba kutoka milima iliyokatwa miti, ukifunika miamba wanakozaliana samaki wa ukingoni. Ongeza nyavu za matundu madogo. Meli za uvuvi wa viwandani, zilizoanzishwa Bujumbura miaka ya 1950 na Wagiriki, zilikwisha kutoweka kabla ya karne kuisha kwa sababu hazikulipa tena. Waliobaki ni wavuvi wadogo, wengi kuliko zamani, kwenye ziwa lenye samaki wachache kuliko zamani.

Nchi nne za ziwa, kupitia mamlaka yao ya pamoja yenye makao Bujumbura, zilikubaliana kulipumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024, na wavuvi wa Kigoma waliona uchungu wake: miezi mitatu bila mapato si jambo dogo kwa nyumba inayokula kwa siku. Lakini mifano ya mapumziko yenye faida ipo karibu nasi. Huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walifunga sehemu ya mwamba wao wa pweza kwa miezi kadhaa kuanzia mwishoni mwa 2004. Ulipofunguliwa walikuta pweza wakubwa kiasi kwamba vijiji vingine viliiga, na desturi hiyo ikaenea katika pwani ya Bahari ya Hindi. Mukeke hakui haraka kama pweza, na huo ndio ugumu. Anahitaji miaka, si miezi.

Hapa mlaji ana nafasi yake, na si ndogo. Mkahawa hununua kile ambacho wateja hawakirudishi. Mukeke wa urefu wa kiganja, aliyevuliwa kabla hajazaa hata mara moja, huonekana mezani kwa sababu kuna anayemlipia. Familia ya Carama inayokwenda ufukweni mara mbili au tatu kwa mwaka inaweza kukataa samaki huyo bila kupoteza kitu, ikaagiza sahani moja kubwa ya ndagala, ambao huzaana upesi na kufidia haraka zaidi.

Basi ukipanga safari hiyo mvua za mwaka huu zikianza, tazama mwezi kwanza, uchague siku za giza. Piga simu asubuhi, uulize ni samaki gani waliofika usiku uliopita, uagize hao, hata kama si wale uliowazoea. Nenda mapema, kabla ya mvua ya jioni, ukiwa na subira ya saa nzima. Na ukiletewa mukeke mdogo kuliko uma wako, mrudishe kwa adabu, umwambie mhudumu sababu yake ili naye amwambie mnunuzi wake wa alfajiri.